Asali ni Shifaa, Lakini si kwa Mtoto Mchanga

Mwaka 1985 nilikuwa nikisomesha chuoni Ifakara. Asubuhi moja mzee mmoja alishuka kutoka Masagati na kibuyu cha asali, akaniuliza: "Shekhe, mjukuu wangu ametimiza siku 7. Nimpake mdomoni?" Nikamjibu: "Mpake mzee wangu, mna shifaa ndani yake." Mtoto alisalimika, alhamdulillahi. Lakini msomaji mpenzi, leo nisingemjibu vile.

Asili ya ada hii ni sunna ya tahniki. Alipozaliwa Abdallah bin Zubeir, mtoto wa kwanza wa Muhajirina kuzaliwa Madina, mama yake, Bibi Asmaa binti Abubakar, alimpeleka kwa Mtume (S.A.W.). Mtume akatafuna tende, akamsugua nayo kaakaani. Bukhari na Muslim wameipokea habari hii, na iliyotajwa ni tende. Baadaye Ibn Hajar al-Asqalani, aliyefariki mwaka 1449, aliandika katika Fat-hul Bari kwamba ikikosekana tende kitumiwe kitu kitamu, na asali ya nyuki ndiyo bora. Alisema kwa elimu ya zama zake, Mungu amrehemu.

Mwaka 1976 madaktari wa California, Marekani, waliyatambua maradhi ya watoto wachanga yatokanayo na kijidudu kinachoingia kikiwa mbegu, kikamea utumboni na kutoa sumu ya kulegeza viungo. Mtoto hufunga choo, hunyonya kwa udhaifu, kilio hufifia, shingo hulegea, na pumzi huweza kukatika. Uchunguzi uliofuata ulizikuta mbegu hizo katika asali waliyolishwa baadhi yao. Hazionekani, hazina harufu, wala kuzichemsha jikoni hakuziui. Mtu mzima hula asali hiyo hiyo asidhurike, kwani utumbo wake umekwisha komaa.

Basi ewe mama, nawe bibi mlezi, asiyetimiza mwaka 1 msimwonjeshe asali, hata ya ncha ya kidole. Mkiziona dalili nilizozitaja, mkimbizeni hospitali. Riziki yake imekwisha tajwa katika Suratul Baqara, aya ya 233: maziwa ya mama, miaka 2 kamili kwa atakaye kutimiza. Nayo aya ya 69 ya Suratun Nahl, iliyoitaja shifaa ya asali, haikutuamrisha kumlisha mchanga. Kila dawa ina mtu wake na wakati wake.

Mzee yule ametangulia mbele ya haki. Jibu nililopaswa kumpa nawapa ninyi. Mfikishieni kila mwenye mjukuu.