Maji Yaliyopandishwa Kilimani

Chukua ramani, mwanafunzi mpendwa, utazame kusini mwa Ziwa Viktoria. Kahama na Shinyanga haziko mbali na ziwa hilo, lakini kwa miaka mingi wakazi wake walihangaika kutafuta maji. Sababu moja ni ya kimaumbile: maji hayapandi yenyewe. Uso wa ziwa uko takriban mita 1,134 juu ya bahari, na vilima vya kando yake viko juu zaidi. Sababu nyingine imo katika karatasi.

Mwezi wa Mei 1929, Uingereza, iliyokuwa ikitawala Tanganyika, Kenya na Uganda, ilikubaliana na Misri kwamba kazi za umwagiliaji au umeme zenye kupunguza maji ya Misri zisifanywe katika Nile wala maziwa yake bila idhini ya Misri. Wenye ziwa hawakuulizwa. Mwaka 1962 serikali ya Tanganyika ilitangaza kwamba nchi hiyo haifungwi na mapatano hayo. Ilikuwa kauli ya haki, lakini kauli haisukumi maji.

Mwaka 2004 Tanzania ilianza mradi wa kupeleka maji ya ziwa Kahama na Shinyanga, bila kuomba idhini hiyo. Huko Ihelele, Mkoa wa Mwanza, maji huvutwa ziwani na kusafishwa, kisha pampu huyapandisha hadi tangi lililo juu ya kilima cha Mabale. Kutoka hapo huteremka kwa uzito wake yenyewe. Rais Jakaya Kikwete aliuzindua mradi mwaka 2009.

Zingatia vitenzi hivi: kuvuta, kusukuma, kupandisha. Pampu huchaguliwa kwa kiasi cha maji yatakiwayo kwa saa na kwa kimo cha kuyapandisha. Na kimo hicho si urefu wa kilima peke yake, kwani msuguano ndani ya bomba nao hudai nguvu. Pampu ikinguruma kana kwamba imemeza kokoto, mara nyingi maji hayaingii ya kutosha: viputo vya mvuke hupasuka ndani yake na kula chuma. Umeme ukikatika ghafla, maji yaliyo njiani hurudi kwa kishindo na yaweza kupasua bomba, ndiyo maana huwekwa valvu za kuyazuia yasirudi. Lililo baya zaidi halisikiki. Msukumo ukiisha bombani, uchafu wa ardhini hupenya kwenye nyufa, na maji yaliyokwisha kutiwa klorini humfikia mnywaji yakiwa si salama tena.

Mwezi wa Mei 2010, huko Entebbe, Tanzania, Uganda, Rwanda na Ethiopia zilitia saini mkataba mpya wa bonde la Nile. Kenya ikafuata siku chache baadaye. Misri na Sudan hazikutia saini.