Ngozi na Baruti: Historia ya Meza ya Kazi ya Nyumbani nchini Marekani

Katika majimbo mengi ya Marekani, si ajabu kukuta gereji au chumba cha chini ya nyumba chenye meza moja ambayo mwenyeji hushonea mikanda na ala za ngozi, na ambayo pia hujazia upya maganda ya risasi alizokwisha kufyatua shabahani au mawindoni. Wanaoitumia meza ya namna hiyo hufuata kanuni zinazofanana: iwe nzito na ifungwe imara ukutani, baruti ipimwe kwa uzito wala si kwa jicho, risasi zisihifadhiwe ndani ya ngozi, na kazi moja iondolewe mezani kabla ya nyingine kuanza. Anayezikuta kanuni hizo zimekwisha kuandikwa anaweza kudhani kuwa ni mazoea tu ya mafundi wenye tahadhari, ilhali kila moja ilitokana na badiliko mahususi la ufundi au na hasara iliyowapata watu, na historia yake inaweza kufuatiliwa kwa muda wa karne mbili hivi.

Mwanzoni kazi hizi mbili zilikuwa kazi moja. Mwindaji wa milima ya Pennsylvania na Kentucky katika karne ya 18 alitumia bunduki ya kushindilia kwa mdomo wa mtutu, yaani gobori, ambayo haikuwa na risasi iliyotengenezwa kiwandani, hivyo alilazimika kujiandalia kila kitu isipokuwa baruti yenyewe. Aliyeyusha madini ya risasi, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi na kwa hiyo hayahitaji zaidi ya moto wa mekoni, akayamimina katika kalibu ndogo ya chuma ili kupata tufe. Kisha akalizungushia tufe hilo kipande cha kitambaa au cha ngozi laini kilichopakwa mafuta, ili libane sawasawa ndani ya mtutu. Baruti aliiweka katika pembe ya ng'ombe, na matufe, vitambaa na vifaa vya kusafishia akavitia katika mkoba wa ngozi ulioning'inia begani, ambao mara nyingi ulishonwa nyumbani. Kwa mtu huyo, kushona mkoba na kusubu risasi zilikuwa sehemu mbili za matayarisho ya safari moja.

Muungano huo ulitikiswa na risasi yenye ganda la metali. Mwaka 1857 kampuni ya Smith & Wesson ilianza kuuza bastola iliyotumia risasi ndogo ambayo fataki yake, yaani kemikali inayolipuka kwa kugongwa na kuiwasha baruti, ilitandazwa ndani ya ukingo wa kitako cha ganda. Ganda la aina hiyo hupondeka ukingoni linapofyatuliwa, wala haikukusudiwa litumike tena, na laiti ufundi ungeishia hapo, meza ya nyumbani ingebaki bila kazi. Katikati ya miaka ya 1860, hata hivyo, wavumbuzi wawili walihamishia fataki katikati ya kitako, ikiwa kikombe kidogo kinachoweza kutolewa na kubadilishwa. Mmoja alikuwa Hiram Berdan wa Marekani, ambaye fuawe yake, yaani kijinundu kinachopokea pigo, ilikuwa sehemu ya ganda lenyewe, na moto ukapita kwa matundu madogo yaliyo kando yake. Mwingine alikuwa Edward Boxer wa Uingereza, aliyeiweka fuawe ndani ya kikombe cha fataki na kuacha tundu moja tu katikati ya ganda.

Tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyoamua mustakabali wa ufundi huu. Katika ganda la Boxer, pini nyembamba ikiingizwa kutoka juu hupita moja kwa moja katika tundu la kati na kuisukuma nje fataki iliyokwisha kutumika, ilhali katika ganda la Berdan fuawe huizuia pini hiyo, na fataki hutolewa kwa taabu. Ulaya bara ilishika mfumo wa Mmarekani, na Marekani ikashika mfumo wa Mwingereza, na kwa sababu hiyo kujaza maganda upya kulienea zaidi Marekani kuliko katika nchi nyingi za Ulaya.

Umbali ulikamilisha kilichoanzishwa na tundu hilo. Katika miaka ya 1870 wawindaji wa nyati katika nyanda za Kansas na Texas walikaa miezi mingi mbali na maduka, wakinunua baruti kwa mapipa na madini ya risasi kwa vipande, na kujaza maganda yaleyale tena na tena kambini. Bunduki ya Winchester ya mwaka 1873 iliuzwa pamoja na vifaa vya kujazia upya risasi zake, na baada ya kampuni ya Colt kutoa bastola inayotumia risasi hiyohiyo, seti moja ya vifaa ilitosha kwa silaha mbili. Mwaka 1884 John Barlow alianzisha kampuni ya Ideal huko New Haven, Connecticut, ambayo ilijulikana kwa koleo la mkononi lililounganisha hatua kadhaa za kujaza katika chombo kimoja.

Wakati huohuo ngozi nayo ilitoa funzo lake. Katika mbuga za magharibi, askari waliona kuwa masanduku ya risasi yaliyotolewa na jeshi hayawafai wapanda farasi, wakajishonea mikanda yenye vitanzi vya ngozi. Lakini ngozi iliyodabaghiwa kwa magome ya miti hubaki na tanini, ambayo ni asidi inayoila shaba na kuacha kutu ya kijani, na kutu hiyo iliyafanya maganda yagande mkandani au, vibaya zaidi, yakwame ndani ya bunduki baada ya kufyatuliwa. Ofisa wa jeshi Anson Mills, aliyekuwa amesajili hataza ya mkanda wa vitanzi mwaka 1867, aliiona kasoro hiyo na hatimaye akaunda mkanda uliofumwa kwa nyuzi nzito, vitanzi vikiwa sehemu ya mfumo wenyewe. Ngozi haikutoweka kwa sababu hiyo, kwani mafundi wa matandiko ya farasi, kama F. A. Meanea wa Cheyenne, Wyoming, waliendelea kutengeneza ala za bastola zenye kusifika. Ila ilifahamika tangu hapo kwamba ngozi hufaa kubebea risasi kwa siku moja na haifai kuwa ghala lake.

Badiliko la tatu lilihusu baruti. Baruti nyeusi ya zamani ilipimwa kwa ujazo, na katika maganda mengi ilijazwa mpaka ikagusana na kichwa cha risasi, kiasi kwamba ilikuwa vigumu kuzidisha kipimo hata kwa mzembe. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille aliunda baruti isiyotoa moshi, ambayo ina nguvu nyingi zaidi kwa uzito uleule, na katika muongo uliofuata bunduki za Marekani zilianza kuipokea. Ganda lililojazwa kwa desturi ya zamani lingeweza sasa kuipasua bunduki mikononi mwa mwenyewe. Kutokana na hatari hiyo mizani ndogo ya kupimia sehemu za gramu ikawa kifaa kikuu cha meza, na majedwali ya vipimo yaliyochapishwa na watengenezaji yakachukua nafasi ya kukisia. Fataki za zamani zilizotumia zebaki pia ziliyadhoofisha maganda, kwa kuwa zebaki hupenya katika shaba na kuifanya ivunjike upesi, na tatizo hilo lilikwisha baada tu ya fataki za kemikali nyingine kuenea.

Meza inayojulikana leo ilipata umbo lake kutokana na Vita vya Pili vya Dunia. Viwanda vilipoelekeza risasi zao jeshini, raia walikosa, na mwaka 1943 Vernon Speer alianza kutengeneza vichwa vya risasi huko Lewiston, Idaho, naye Joyce Hornady akafuata mwaka 1949 huko Grand Island, Nebraska. Baada ya vita Bruce Hodgdon wa Kansas alinunua shehena za baruti ya ziada ya jeshi na kuiuza kwa bei nafuu, na mashine za wenzo zikachukua nafasi ya koleo la mkononi. Mashine hizo hulibana ganda lililotanuka mpaka lirudi katika kipimo chake, na kwa kuwa nguvu yake huivuta meza yenyewe, ndipo ilipolazimu meza iwe nzito na kufungwa. Ngozi ilirudi kwa njia iliyo sambamba na hiyo: hospitali zilizowatibu majeruhi ziliitumia kazi ya ngozi kurejesha nguvu za mikono na utulivu wa akili, kampuni ya Tandy ya Fort Worth, Texas, ikaona humo soko la wanaojifunza wenyewe, na Al Stohlman, aliyeanza kuchonga ngozi akiwa askari, akaandika vitabu vilivyowafundisha wengi kuchonga nakshi na kutengeneza ala.

Hivyo ndivyo kazi zilizotengana kwa takriban karne moja zilivyokutana tena juu ya ubao mmoja, lakini zikiwa na tabia zinazopingana. Ngozi huloweshwa kabla ya kuchongwa, nayo baruti huharibiwa na unyevu. Nakshi hupigwa kwa nyundo juu ya bamba la jiwe, ilhali fataki huwaka kwa pigo na mizani hupotoshwa na mtikisiko. Kwa hiyo mafundi hutenga zamu, hufunga baruti katika chombo chake cha asili, na huweka risasi zilizokamilika katika visanduku vya plastiki au karatasi ngumu. Anayepanga meza yake leo anastahili kufundishwa sababu pamoja na kanuni, kwa sababu kanuni isiyo na sababu ndiyo ya kwanza kuachwa mtu anapokuwa na haraka, na katika kazi hii haraka ya dakika chache imekwisha kuwagharimu watu macho na vidole. Kuijua historia ya meza hii ni sehemu ya usalama wake.