Mzee wa miaka 19

Nilikuwa nyumbani Bungoma kumjulia mama hali vijana wawili walipopiga hodi. Mashati meupe, tai, kibandiko cheusi kifuani. Mmoja alikuwa Mganda, mwenzake alitoka Utah, Marekani, na walikuwa wamehamishwa kutoka Kitale majuma machache tu yaliyopita. Yule Mmarekani akatusalimu kwa Kiswahili ambacho baadhi ya wanafunzi wangu wangekionea wivu. "Shikamoo, mama. Mimi ni Mzee Fulani." (Jina lake la ukoo nalihifadhi.)

Mama, ambaye amepita miaka 80, alinigeukia. "Mzee wa nani huyu?"

Mzee mwenyewe alikuwa na miaka 19.

Hebu nieleze kwanza. Hawa ni wamisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale tuliozoea kuwaita Wamormoni. Kanisa hilo lilisajiliwa nchini Kenya mwaka 1991. Vijana wake wa kiume hutumwa kwa miaka miwili, wa kike kwa miezi 18, aghalabu nchi za mbali, na hutembea wawiliwawili. Tangu 2012 mvulana anaruhusiwa kwenda akiwa na miaka 18. Wa kiume huitwa "Elder", ambacho ni cheo cha ukuhani kwao, na katika machapisho yao ya Kiswahili cheo hicho kimefasiriwa kuwa Mzee. Jina la kwanza huwekwa kando hadi siku ya kurudi kwao.

Kama mtu wa lugha, nilitaka kucheka. Huku kwetu uzee haugawiwi kwa barua. Mvulana wa Kibukusu hutahiriwa mwezi wa Agosti, katika mwaka unaogawika kwa mbili, ndipo anapoingia katika rika lake, na hata baada ya hapo bado ana safari ndefu ya kuoa, kuzaa, kuzika na kuamua kesi za wengine kabla mtu hajathubutu kumwita omusakhulu. Uzee hupatikana kwa kuishi.

Lakini nilijizuia. Mtafsiri wa kanisa hilo hakulibuni neno hili. Katika Agano Jipya la Kigiriki, viongozi wa makanisa ya kwanza waliitwa kwa neno lenye maana ya mtu aliyezidi wengine umri, na Biblia zetu za Kiswahili zikaliita hivyohivyo: wazee. Wapresbiteri wana wazee wa kanisa, na wako wazee wa kanisa ambao hawana hata mvi moja. Tena, kule Kibabii, si mbali na mji wa Bungoma, mapadri wa Mill Hill, wengine wakiwa vijana kabisa, waliitwa Fada na watu waliokuwa na wajukuu. Nani aliwahi kuangua kicheko kwa sababu bibi kizee alimwita kijana wa Kiingereza "baba"? Sikio limezoea, basi. (Na vijana wetu wa mtaani husalimiana "niaje mzee" kutwa nzima, wala hakuna anayeandika makala kuwahusu.)

Kilichonikwaza, kwa hiyo, hakikuwa sarufi. Kilikuwa Kitale.

Babu yangu alifanya kazi katika shamba la mlowezi karibu na Kitale katika miaka ya 1930. Reli ilikuwa imefika mjini humo mwaka 1926, na ardhi ya Trans Nzoia ilikuwa imekatwakatwa na kupewa Wazungu, wengi wao askari waliotoka katika Vita Vikuu vya Kwanza. Babu alikuwa ametahiri wanawe wawili tayari, lakini shambani jina lake lilikuwa "boi". Mwenye shamba alikuwa bwana mkubwa. Mwanawe, kivulana asiyeota ndevu, alikuwa bwana mdogo. Baba yangu alisimulia kwamba bwana mdogo akiita "boi!" babu aliitika na kukimbia, huku kipande kikigonga kifua chake ndani ya kijaluba cha bati. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alilazimika kuwa na kipande hicho kuanzia 1919 na 1920. Kwa hiyo nilipomwona kijana mweupe akiwa na kibandiko kifuani, akiomba aitwe mzee nyumbani kwa binti mkwe wa boi yule, nilihisi kitu kikinikaba kooni. Si kosa lake. Hata babu yake pengine hakujua Kitale iko wapi.

Wamarekani waliomtangulia huku magharibi walikuja na neno jingine. Mwaka 1902 Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole walifungua misheni ya Kaimosi, ambayo baadaye ilipanuka hadi Lugulu huku Bungoma. Walikuwa Wakweka, watu ambao kwa desturi hawapendi vyeo, na kanisa lao linaitwa la Marafiki mpaka leo. Urafiki huo ulikuwa na mipaka yake: Elijah Masinde wa Kimilili alilelewa katika kanisa hilo, akatengana nalo alipoongeza mke, kisha akaanzisha Dini ya Msambwa. Lakini kuna jambo moja juu ya Hotchkiss ambalo nalipenda. Kabla ya Kaimosi, akiwa kijana huko Ukambani tangu 1895, alihangaika kwa muda mrefu kutafuta neno la Kikamba la kuokoa. Hakuletewa kutoka makao makuu. Alilipata mwenyeji mmoja aliposimulia jinsi alivyomnusuru mtu kutoka kwa simba. Kijana alinyamaza, mwenyeji akazungumza, neno likapatikana.

Nilitamani kumwambia yule kijana hayo yote, ugonjwa wetu sisi walimu. Mama aliniwahi.

"Mwanangu, wazee wangu nimewazika. Mama yako alikuita nani?"

Alimtazama mwenzake kama anayeomba ruhusa, halafu akalitaja jina lake la kwanza kwa sauti ya chini. Mama alilijaribu mara mbili, ulimi ukakataa. Akauliza alizaliwa mwezi gani.

"Januari."

"Kiangazi. Basi wewe ni Simiyu."

Kijana alitaka kueleza jambo, nadhani kuhusu theluji inayoanguka Utah mwezi wa Januari. Mama alikuwa ameshaingia jikoni kuwatafutia ndizi, na kutoka huko alikuwa akimwita Simiyu aje apokee sinia.