Kabla Hujapiga Windows Mpya, Soma Kilichoikuta Wizara ya Fedha

Wadau, leo mastaa na ndoa zao tuwaache wapumzike kidogo. Kuna kitu kinaliza watu kuliko hata kuachwa: unawasha kompyuta asubuhi unakuta picha, CV na kazi zako zote hazipo, kisa jana usiku ulijaribu mfumo mpya.

Ukiwa Dar unabeba mashine unaenda Kariakoo, mafundi kibao. Sasa mfikirie mtu aliyeko Sapiwi, kule Bariadi mkoani Simiyu. Nyumba nzima ina kompyuta moja, bando linanunuliwa kwa kuhesabu. Huyo akisema "mimi sigusi kitu, ikiwaka inatosha", watu wa mjini mnamcheka. Msimcheke. Nchi yetu yenyewe iliwahi kusema hivyo hivyo.

Kompyuta ya kwanza Tanzania iliingia mwaka 1965. Ilikuwa aina ya ICT 1500 na ilifungwa Wizara ya Fedha. Baadaye serikali ikataka mahesabu yake yaingie kwenye mfumo mkubwa zaidi wa kompyuta. Kwa lugha ya leo, waliapdeti. Mambo yakaenda mrama: mahesabu yakavurugika na hela nyingi ikapotea. Mwaka 1974 serikali ikaona isiwe tabu, ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na televisheni nazo zikawekwa kwenye katazo hilo hilo. Kichekesho ni kwamba miaka hiyo hiyo wenzetu Zanzibar walikuwa wanaangalia TV ya rangi! Huku bara tulikuja kupata vituo vya televisheni mwaka 1994.

Wazee hawakuwa wajinga. Fedha za kigeni zilikuwa chache, na waliokuwa wanazijua hizo mashine walikuwa wa kuhesabu. Ila kufunga mlango nako kuna bei yake. Usipogusa kitu hukiharibu, sawa, lakini hukijui pia. Masharti yalipokuja kulegea miaka ya 1980 na 1990, wenzetu walishafika mbali na sisi ndo kwanza tunajifunza kushika mausi.

Windows 95 ilitoka Agosti 1995, na miaka iliyofuata kompyuta za mitumba zikaanza kuingia majumbani. Hapo ndo fundi mwenye CD akawa mtu muhimu mtaani. Unampelekea mashine, anakupigia Windows, unalipa, unaondoka. Mara nyingi CD yenyewe ilikuwa ya kukopi, kwa hiyo fundi anazima apdeti zote ili mashine isije ikadai leseni. Watu wakazoea kuona apdeti ni adui, inakula bando na kuleta matatizo.

Lakini kulikuwa na njia nyingine. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya bure ya kazi za ofisi kwa Kiswahili. Mwaka huo huo Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini akaanzisha Ubuntu, mfumo wa bure kabisa. Hadi mwaka 2011 ukiomba CD zake unatumiwa kwa posta bila kulipa hata senti. Kizuri zaidi, CD ile ilikuwezesha kuuwasha mfumo mpya na kuuzungukia bila kugusa chochote kilichomo kwenye kompyuta yako. Usipoupenda unazima, unatoa CD, mashine inarudi kama ilivyokuwa. Wizara ya Fedha ya miaka ile ingepata nafasi hiyo, pengine historia ingekuwa nyingine.

Mei 2017 dunia ikaona upande wa pili wa kuogopa apdeti. Kirusi cha WannaCry kiliingia kwenye kompyuta za nchi zaidi ya 100, kikafunga mafaili na kudai pesa. Hospitali za Uingereza zikalazimika kurudisha wagonjwa nyumbani. Dawa yake Microsoft walishaitoa tangu Machi, miezi miwili kabla. Wengi walioumia ni wale ambao hawakuwa wameapdeti.

Sasa imefika zamu yetu. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuitolea Windows 10 apdeti za kawaida za usalama, na Windows 11 inakataa mashine nyingi za zamani. Yule mtu wa Sapiwi atabaki na Windows 10 yake, au atajaribu kitu kipya kwenye kompyuta hiyo hiyo moja yenye kila kitu chake.

Ushauri wangu ni ajaribu, ila asifanye kamari. Kwanza mafaili yote ya muhimu yakopiwe kwenye flashi au diski ya nje, halafu ayafungue kwenye mashine nyingine kuhakikisha yanasoma. Pili, asiwe wa kwanza kukimbilia toleo jipya. Wenye haraka watangulie wakutane na matatizo yake. Tatu, mfumo kama Ubuntu auwashe kwanza kutoka kwenye flashi, aone kama sauti, Wi-Fi na printa vinakubali. Kuudaunilodi kunakula GB kadhaa, kwa hiyo mmoja adaunilodi kutoka kwenye tovuti yao wenyewe, flashi izunguke kwa majirani. Nne, umeme ukiwa wa kukatika katika, asianze kazi hiyo.

Kilichotuumiza mwaka 1974 ni kujaribu kitu kikubwa bila pa kurudi, kisha kuogopa kujaribu tena. Weka pa kurudi kwanza, halafu jaribu.

Na wewe mashine yako bado iko kwenye Windows gani? Dondosha hapo chini, na usidanganye!