Jamhuri ya Kitabuni chini ya Mlima Kenya

Katika mwaka 1890 kilipigwa chapa huko Leipzig, Ujerumani, kitabu kiitwacho Freiland, maana yake Nchi Huru. Mtungaji wake alikuwa Bwana Theodor Hertzka, mzaliwa wa Budapest, aliyekaa miaka mingi Vienna akiandika katika magazeti mambo ya mali na biashara. Kitabu hiki chasimulia habari za jamhuri ambayo haikupata kuwako: jinsi ilivyoanzishwa, sheria zake, mabaraza yake, mashamba yake, vita vyake na desturi za watu wake. Vitabu vya namna hiyo si vigeni Ulaya tangu Thomas More alipotunga kisiwa chake cha Utopia mwaka 1516. Lakini More alikiweka kisiwa chake mahali pasipojulikana, asije mtu akakitafuta. Hertzka aliiweka jamhuri yake chini ya Mlima Kenya, ambao Wakikuyu huuita Kirinyaga.

Kenya ya kweli ilipata kuwa jamhuri tarehe 12 Desemba 1964, wala haikutoka katika kitabu hiki. Hata hivyo twaona ni vema wasomaji wetu wazijue habari hizi, kwa kuwa mashamba yaliyogawanywa katika kitabu yalikuwa na watu.

Tuanze na sababu iliyomsukuma mtungaji. Katika siku zake viwanda vya Ulaya vilikuwa na mashine za mvuke zilizofuma nguo nyingi kuliko mikono ya mji mzima, na huku wafumaji wenyewe walivaa matambara. Hertzka akajiuliza, yawezekanaje watu watengenezao vitu vingi kuliko baba zao wazidi kuwa maskini? Jibu lake ni kwamba mfanya kazi hukatwa mara tatu. Mwenye ardhi huchukua kodi, mwenye fedha huchukua riba, mwenye kiwanda huchukua faida. Kinachobaki ndicho ijara, nayo hutosha chakula tu. Kwa hiyo mfanya kazi hawezi kukinunua alichokitengeneza. Bidhaa hulala ghalani, na kiwanda hufungwa kwa kukosa wanunuzi, hali watu walio nje wana haja ya vitu vile vile. Wala Hertzka hakuipenda dawa ya wale wasemao kwamba serikali ishike mali yote na kumwamuru kila mtu kazi yake. Alitaka mtu awe huru kabisa, ila ardhi isiwe na mwenyewe, na fedha isiwe na riba.

Basi katika hadithi yake watu wa mataifa mengi wafanya chama, watoa fedha, na kuchagua watangulizi mia mbili. Hawa washuka Mombasa, wapita Taveta, wavuka nchi ya Wamasai wakifanya nao mapatano na kuwapa zawadi, wafika kwa Wakikuyu, na mwisho waona bonde zuri karibu na theluji ya mlima. Wanaliita Bonde la Edeni, na huo ndio mji mkuu. Njia hiyo Hertzka hakuiota. Bwana Krapf, mmisionari, aliuona Mlima Kenya kutoka upande wa Ukambani mwaka 1849. Joseph Thomson alipita Umasaini mwaka 1883 na 1884 na kuandika kitabu. Naye Teleki, mtu wa Hungaria, alipanda kiasi katika mlima wenyewe mwaka 1887. Mtu aliyekaa Vienna aliweza kuvisoma vitabu hivyo na kuichora nchi nzima bila kuyachosha miguu yake.

Sheria kubwa za Nchi Huru ni tano. Ya kwanza yasema kwamba kila mkaaji ana haki sawa juu ya ardhi yote na juu ya vyombo vya kazi vilivyokwisha patikana, wala haki hiyo haiwezi kuondolewa. Ya pili yawapa wanawake, watoto, wazee na wasioweza kazi haki ya kulishwa na nchi kwa kadiri ya utajiri wake, wala si kwa huruma. Ya tatu yakataza mtu kuzuiwa kufanya apendalo maadamu hawadhulumu wengine. Ya nne yatoa kura kwa kila mtu aliyepita miaka ishirini, mwanamume na mwanamke sawasawa; na tukumbuke kwamba wakati ule wanawake wa Uingereza na Ujerumani hawakuwa na kura ya kuchagua bunge. Ya tano yagawanya serikali katika idara, kila idara na baraza lake la wajumbe waliochaguliwa na watu wote.

Idara hizo ni kumi na mbili. Yuko rais, zipo idara za elimu, za barabara, za posta, za ghala kuu, za benki, na nyinginezo. Ajabu ni ile ya kumi na mbili: mambo ya afya na mambo ya hukumu yamewekwa pamoja. Sababu yake ni kwamba Hertzka aliamini wizi na ujeuri hutoka katika umaskini, na umaskini ukiisha, atakayeendelea kuiba ni mgonjwa, tena apelekwe kwa daktari. Hatuamini hivyo sisi. Tumewaona wezi wenye ng'ombe wengi.

Kazi yote hufanywa kwa ushirika. Watu wakitaka kulima au kufua chuma, hukusanyika, huchagua wasimamizi wao, hukopa rasilmali kwa nchi bila riba, nao huirudisha kidogo kidogo. Faida hugawanywa kwa kuhesabu saa za kazi za kila mmoja. Hesabu za kila ushirika ziko wazi kwa wote, na mlango hauna komeo: yeyote aweza kuingia na kutoka. Hapo ndipo penye akili yake. Tuseme wahunzi wamepata faida kubwa mwaka huu, na wakulima wamepata kidogo. Baadhi ya wakulima watawaendea wahunzi. Vyuma vitakuwa vingi na bei yake itashuka. Na kwa kuwa mashambani wamebaki wachache, bei ya nafaka itapanda. Hivyo mafungu yatasawazika yenyewe bila amri ya mtu. Fikira hii yapendeza sana ukiisoma. Lakini mtu aliyepanda migomba au kahawa hawezi kuiacha kila asikiapo kwamba wahunzi wamepata, na mlango usio na komeo huingiza hata yule apendaye kufika siku ya kugawa tu. Walimu twajua kwamba shamba lililochorwa ubaoni halina magugu.

Juu ya desturi za watu wa Nchi Huru tusikawie. Wanaishi katika nyumba zenye bustani, mashine zafanya kazi nzito, watoto wote wasoma. Wanawake wana kura, lakini mashambani na viwandani hawaonekani. Kazi zao hasa ni kufundisha na kuuguza. Vita vyatokea na Uhabeshi, na vijana wa Nchi Huru, wasio askari wa kudumu, wanashinda. Mwisho wa kitabu mataifa ya dunia yatuma wajumbe Bonde la Edeni kujadiliana kama mambo haya yanawezekana kwao pia.

Sasa twafika penye jambo lenyewe. Hertzka aliandika kwamba ardhi haina mwenyewe ili maskini wa Ulaya wapate pa kulima. Juu ya mashamba ya mabwana wakubwa wa Ulaya, neno hilo lilikuwa la kumkomboa mnyonge. Lakini hakulipeleka huko. Alilipeleka kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Huko ardhi ilikuwa na wenyewe: Wakikuyu, Waembu, Wameru, na Wamasai katika mbuga zao. Kwa Wakikuyu shamba la ukoo liliitwa githaka. Mzee wa kwanza alilipata kwa kufyeka msitu, au kwa kulinunua kwa Wandorobo waliokuwa wawindaji wa msituni, na wazao wake, yaani mbari, walilishika pamoja, kila mmoja akijua mpaka wake. Mtu asiye na shamba aliweza kuja kuomba, akawa muhoi. Akapewa pa kulima kwa urafiki, bila kodi ya fedha, ila alileta pombe na kusaidia kujenga. Wazungu waliopita waliona msitu na nyika kati ya mashamba, wakadhani ni mahali pasipo mtu.

Na habari za utawala zatustaajabisha zaidi. Hertzka alisafiri kwa mawazo yake maili elfu nyingi akitafuta mahali pa kuanzisha nchi isiyo na mfalme, inayotawaliwa na mabaraza, akaiweka mahali ambapo watu hawakuwa na mfalme, nao walitawaliwa na mabaraza. Wakikuyu walihukumiwa na kiama, ndilo baraza la wazee, nalo lilikuwa na vyeo ambavyo mtu alipanda kimoja kimoja kwa kutoa mbuzi. Rika lililotawala halikutawala milele. Baada ya miaka mingi lilikabidhi mambo kwa rika lililofuata katika sherehe kubwa iitwayo ituika. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake Facing Mount Kenya cha mwaka 1938, asimulia mapokeo kwamba zamani alikuwako mtawala mjeuri, watu wakamwondoa, wakaapa kutawaliwa kwa mabaraza, na ituika ndiyo ukumbusho wa siku hizo. Wameru nao wana baraza lao, Njuri Ncheke. Hatusemi kwamba mambo ya wazee hao yalikuwa bila lawama. Mwanamke hakurithi githaka, na muhoi aliweza kufukuzwa. Lakini zilikuwa serikali, zenye sheria na mashahidi, wala hazikungoja mgeni.

Kitabu kilipendwa. Mwaka 1891 kilifasiriwa kwa Kiingereza, na vyama vya wasomaji vikaanzishwa katika miji ya Ujerumani na Austria. Hertzka hakuwazuia, kwa kuwa tangu mwanzo alisema si ndoto bali ni shauri la kutendwa. Basi mwaka 1894 kundi la watu wa mataifa mbalimbali ya Ulaya, wakiongozwa na Dakta Wilhelm, wakashuka Lamu. Nia yao ilikuwa kuufuata mto Tana mpaka mlimani. Katika ramani mto huo waonekana kama barabara, kwani maji yake yatoka Kirinyaga. Wapokomo waishio kandokando yake wangaliweza kuwaambia habari zake: mizunguko mingi, mafungu ya mchanga, na juu huko maporomoko ambayo hakuna chombo kipandacho. Tena nchi haikuwa tupu hata kwa Wazungu wenzao. Katika mwaka ule ule wa 1890 kitabu kilipotoka, Waingereza na Wajerumani walikuwa wamekwisha patana juu ya mipaka, na upande ule ukawa wa Waingereza, ambao hawakuwa na haja ya jamhuri ndani ya mipaka yao. Wasafiri wale wakangoja Lamu, wakagombana wao kwa wao, na baada ya miezi michache wakatawanyika. Mlima hawakuufikia.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1896, Theodor Herzl, mzaliwa wa Budapest naye, aliandika kitabu chake juu ya dola ya Wayahudi. Humo aliitaja Nchi Huru, akaifananisha na mashine yenye magurudumu mengi yaliyoshikana vizuri, ila hakuna dalili kwamba inaweza kuzunguka. Mwaka 1903 Waingereza wakamtolea Herzl huyo huyo ardhi ya kukaa watu wake, nayo ilikuwa katika nyanda za Uasin Gishu, si mbali sana na Bonde la Edeni la kitabuni. Wayahudi waliikataa mwaka 1905. Wenyeji hawakuulizwa, mara hii wala mara ile.

Iliyokuja badala ya Nchi Huru haikuwa na wahunzi wa kugawana faida. Mwaka 1895 serikali ya Uingereza iliishika nchi mkononi mwake, na mwaka 1901 reli ikafika Ziwa Nyanza. Katikati ya mambo hayo ilikuja sotoka ya ng'ombe, kisha ndui, na njaa kubwa ya 1898 na 1899, ambayo Wakikuyu huiita njaa ya Ruraya, yaani ya Ulaya. Watu wengi wa Kiambu wakafa, wengine wakarudi Murang'a kwa ndugu zao, na mashamba yao yakaota vichaka. Walowezi walipofika waliona vichaka. Sheria ya ardhi ya mwaka 1902 iliwafungulia njia, na ile ya mwaka 1915 ikaihesabu hata ardhi iliyokaliwa na wenyeji kuwa ya Taji. Mwaka 1921 mahakama kuu ikahukumu kwamba mwenyeji juu ya shamba lake ni mpangaji kwa ridhaa ya Taji tu. Mtu ambaye babu yake alikuwa na githaka na kupokea wahoi alijikuta ni muhoi yeye, tena wa bwana ambaye hakumwomba kitu.

Hertzka alifariki Wiesbaden mwaka 1924. Mwaka huo huo, upande wa Murang'a, watu waliunda chama kilichoitwa Kikuyu Central Association. Miongoni mwa madai yao ilikuwa kwamba kila ukoo upewe hati ya shamba lake, na kwamba ardhi iliyochukuliwa irudishwe kwa wenyewe.