Ukuta Ulioinama

Ndugu msomaji, wazee wetu walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Wanavyuoni wa kale waliuliza zaidi: na ukuta huo ukimwangukia mtu, dhamana ni ya nani?

Sheikh Burhanuddin al-Marghinani, wa madhehebu ya Hanafi, aliyefariki mwaka 593 Hijria (1197), aliliwekea jambo hili mlango wake katika kitabu Al-Hidaya. Aliyejenga ukuta ukiwa umeinama tangu mwanzo atalipa, hata kama hakuonywa. Ama uliojengwa sawa kisha ukainama, mwenyewe atalipa ikiwa alitakiwa auvunje, akapata nafasi ya kutosha, naye asiuvunje. Ukiinamia njia, mtu yeyote aweza kumtaka auvunje, Mwislamu au asiyekuwa Mwislamu. Ukiinamia nyumba, haki hiyo ni ya mwenye nyumba ile na wakaazi wake. Mashahidi huwekwa ili asije akakana.

Na ukuta wa shirika je? Ukiwa wa watu watano, akaonywa mmoja, kisha ukaua, Imam Abu Hanifa asema juu yake ni sehemu moja katika tano ya dia. Wanafunzi wake, Abu Yusuf na Muhammad, wasema ni nusu. Basi na waonywe wote.

Hukumu hii ya onyo iliingia katika Majalla, sheria ya dola ya Uthmaniya iliyotolewa kati ya 1869 na 1876, kifungu cha 928.

Sisi Mashafi wa mwambao tumesoma Minhaj ya Imam Nawawi. Humo kauli yenye nguvu ni kwamba ukuta uliojengwa sawa kisha ukainama hauna dhamana. Kauli dhaifu yasema atalipa aliyeweza kuutengeneza akaacha. Lakini asifurahi mwenye nyumba! Kadhi huhukumu kwa dhahiri. Mwenyezi Mungu ajua kuwa uliuona ufa, ukaipokea kodi ukanyamaza.

Novemba 2024 ghorofa liliporomoka Kariakoo, wakafa watu zaidi ya 20. Majumba yetu leo yana wapangaji juu na chini. Mpangaji akikwambia, "Bwana, ngazi imeoza," usimjibu, "Hupendi, hama." Huyo amekuja kukuokoa na damu ya watu. Nawe mpangaji, sema mapema, mbele ya mashahidi.

Mwenyezi Mungu atujaalie kusikia onyo kabla ya kishindo. Amin.