Mmea wa sebuleni Kerugoya, kwao ni Pwani

Mama mwenye nyumba wangu hapa Kerugoya ana mmea sebuleni ambao wauzaji huuita ZZ, naye ameambiwa umetoka ng'ambo. Jina lake la kitaalamu ni Zamioculcas zamiifolia, na kwao ni kwetu: huota wenyewe katika misitu ya Pwani ya Kenya, Unguja, hadi Afrika Kusini. Waholanzi walianza kuuzalisha kwa wingi miaka ya 1990, ukaturejea ndani ya chungu cha bei.

Kuutambua si kazi. Vikonyo vimenona chini, majani mazito yanang'aa kama yaliyopakwa mafuta, yamepangika kushoto na kulia. Fukua kidogo utakuta kitu kama viazi. Humo ndimo huweka maji, ndiyo maana ukiusahau mwezi mzima haufi.

Kukaa nje? Pwani ni sawa mwaka mzima, mradi uwe chini ya mwembe, maana jua la mchana huuunguza. Huku juu, zaidi ya mita 1,500, baridi ya Juni hadi Agosti na manyunyu yake ni balaa. Wangu niliutoa Julai; viazi vikaoza, vikonyo vikalala. Niliokoa jani moja, nikalichomeka kwenye mchanga mkavu dirishani. Miezi baadaye lilikuwa na kiazi kama punje ya mbaazi.

Ila utomvu wake huwasha. Mtoto akitafuna jani, kinywa humchoma na kuvimba. Mama ana mjukuu anayetambaa, na chungu kilikuwa sakafuni. Sasa kiko juu ya kabati.